Baridi Iliyoletwa Mlangoni

Afunguaye jokofu lake leo asubuhi akatoa maziwa ya jana yakiwa salama, ni nadra kukumbuka kwamba katika miji mikubwa ya Marekani, hata miaka ya 1930 ilipokuwa imeingia, baridi ilikuwa bidhaa iliyopimwa kwa ratili, ikachukuliwa begani na kupandishwa ngazi hadi jikoni.

Aliyeifanya barafu kuwa biashara ya kuvuka bahari ni Frederic Tudor wa Boston, ambaye mwaka 1806 alipakia chomboni barafu iliyokatwa ziwani, akaipeleka kisiwa cha Martinique katika bahari ya Karibi. Safari ile ilimtia hasara, na baadaye akafungwa kwa ajili ya madeni, wala hakuiacha azma yake. Mwenziwe, Nathaniel Wyeth, alibuni plau ya meno ya chuma, ya kuvutwa na farasi, iliyochora mistari juu ya ziwa lililoganda, hata vipande vikatoka vya mraba, sawasawa, vikapangika ghalani bila ya mwanya wa kupitisha hewa. Na vumbi la mbao, ambalo wenye viwanda vya kupasua magogo walikuwa wakilitupa, likawa ndilo blanketi la kuizuilia joto. Kwa maarifa hayo jahazi iitwayo Tuscany iliondoka Boston mwezi wa Mei 1833 ikiwa na tani 180, ikavuka ikweta mara mbili, na ilipotia nanga Calcutta mwezi wa Septemba tani kama 100 zilikuwa zingali barafu.

Majumbani, desturi ilikuwa hivi. Mama wa nyumba alitundika dirishani kadi yenye nambari nne, 25, 50, 75 na 100, akiigeuza ili nambari ya ratili azitakazo iwe juu. Na mchukuzi, bila ya kushuka garini kuuliza, alikata kipande cha kadiri ile, akakishika kwa koleo kubwa, akakiweka juu ya ngozi aliyojifunika begani, akaingia nacho. Kasha lenyewe lilikuwa la mbao, limetandikwa bati au zinki kwa ndani, na baina ya kuta zake mbili pamejazwa vumbi la mbao au mwani mkavu. Barafu iliwekwa juu, chakula chini, kwa sababu hewa iliyopoa ni nzito na hushuka, na ile iliyopata joto hupanda kurudi kwenye barafu. Maji ya kuyeyuka yalipita katika mfereji mwembamba hadi kwenye beseni chini ya kasha, na aliyesahau kulimwaga aliamka akakuta sakafu imerowa.

Hapa pana jambo ambalo wengi walilikosea. Palikuwa na watu walioifunika barafu kwa gazeti au blanketi ndani ya kasha, wakidhani wanaokoa fedha. Barafu ikadumu kweli, lakini maziwa yakachacha. Kwani barafu hupoza kwa kuyeyuka: ili igeuke maji tu, bado yakiwa katika ubaridi ule ule, sharti ivute joto linalokaribia kutosha kuyapandisha maji ya uzito huo huo kutoka kiwango cha kuganda hadi digrii 80 za sentigredi, na joto hilo hulivuta kutoka kwa chakula na hewa iliyo kandokando yake. Basi barafu isiyoyeyuka haipozi kitu.

Barafu ya asili ilipungukiwa na heshima mito na maziwa ya karibu na miji yalipochafuka. Nafasi yake ikashikwa na barafu ya viwandani, ambayo daktari John Gorrie wa Apalachicola, Florida, alikuwa ameipatia hataza ya mashine yake tangu mwaka 1851, akikusudia kuvipoza vyumba vya wagonjwa wa homa. Kisha umeme ukaingia majumbani, na kadi zikaondoka madirishani.

Kwetu, mtungi wa udongo umeyapoza maji kwa kanuni ya jamaa hiyo hiyo, maana unyevu unaotoka nje ya mtungi na kukauka huondoka na joto. Na samaki asiyeliwa siku ile alipasuliwa akawa ng'onda, au akatiwa chumvi. Lakini barafu haijapita wakati wake. Wavuvi na wachuuzi wangali wanainunua kila siku, na mali nyingi huharibika kwa kutojua mambo machache yaliyojulikana jikoni zamani. Ewe ununuaye barafu, iponde, uiweke juu ya samaki na baina yao. Toboa njia ya maji chini ya sanduku, kwani samaki alalaye katika maji machafu huoza upesi. Vika sanduku kwa nje, si barafu kwa ndani. Na usikifunue kifuniko ila kwa haja. Ukiyashika haya, kipande kile kile ulichokilipia kitakulindia riziki yako hadi sokoni.