Zima Kiberiti, Kigeuze Kiatu

Kila siku ya soko hapa Himo naulizwa swali lile lile, na anayeliuliza tayari ana kiberiti mkononi: "Fundi, hii ni ngozi orijino? Nikiichoma itaungua?" Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja. Moto haupimi ubora wa kiatu. Unaunguza mali ambayo hujailipia, unampa muuzaji mjanja ushahidi wa bure, na unakusahaulisha kutazama pale viatu vingi vinapofia.

Watu wanaamini kwamba ngozi halisi haishiki moto, na ya bandia huyeyuka na kunuka plastiki. Kuna ukweli kidogo humo, na ukweli huo mdogo ndio unaowaponza. Ngozi ni protini, kwa hiyo ikiungua hunuka nywele, hujikunja na kuwa mkaa. Lakini ngozi nyingi za viatu vya dukani hupakwa utando mwembamba wa akriliki au poliyurethani ili zing'ae na zisinywe maji upesi. Moto wako unaanza na utando huo. Unayeyuka, plastiki inanuka, na mteja anarudisha mezani kiatu kizuri kabisa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994 kuhusu lebo za viatu inaruhusu kitu kiitwe ngozi kikiwa na utando wa hadi milimita 0.15. Plastiki hiyo si wizi, ni sehemu ya kazi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Kiwandani, ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa matabaka. Lile la juu, lililoota manyoya, limesongamana na huhimili maji na msuguano. La chini ni legelege. Hilo la chini hupakwa plastiki, hugandamizwa alama za vinyweleo, na likitoka hapo linapendeza machoni kuliko la juu. Tena kuna ile inayoundwa kwa masalia ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Choma yoyote kati ya hizo mbili kwa upande wa ndani: inanuka nywele, muuzaji anatabasamu, wewe unatoa pesa. Masika yakipita, uso umeanza kubanduka vidoleni. Kipimo kinachokataa ngozi nzuri na kupitisha mbovu si kipimo, na sioni kwa nini kinaendelea kufundishwa na kaka kwa mdogo wake.

Haya, tuseme ngozi ni halisi na ni ya tabaka la juu. Moto bado haujakwambia kama ilisindikwa vizuri. Iliyosindikwa kwa kromiamu huacha majivu ya kijani-kijivu, iliyosindikwa kwa magome ya miwati, kama ile inayopandwa Njombe, hubaki nyeusi. Hiyo ni habari ya dawa iliyotumika. Kama mshono utahimili matope ya Kilema na Marangu, hilo halimo kwenye majivu.

Viatu vinavyoletwa mezani kwangu vingi vimekufa ngozi yake ikiwa hai. Kilichokufa ni soli. Buti za mitumba za kupandia mlima mara nyingi zina tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli na uso. Povu hilo huvunjwa na unyevu wa hewa polepole, buti liwe limevaliwa au limekaa kabatini, na joto huharakisha. Ndiyo maana buti linaloonekana halijawahi kukanyaga chini, kwa sababu lilikaa miaka kwenye ghala, laweza kusagika kama chaki baada ya saa chache za kutembea. Mpagazi wa Kilimanjaro aliyetoka kambi ya Horombo, mita 3,720, kuelekea kambi ya Kibo, mita 4,720, hana fundi wa kumkimbilia. Huyo hakuhitaji kiberiti sokoni. Alihitaji ukucha.

Basi fanya hivi. Kigeuze kiatu. Bonyeza lile povu kwa ukucha: likibaki na shimo, likinata au likidondosha unga, ondoka hata kama uso unang'aa. Kikunje mbele, pakifunguka mstari kati ya soli na uso, gundi imekwisha. Tafuta uzi. Nyuzi nyingi za pembeni ni michoro ya mpira iliyomwagwa pamoja na soli, kwa hiyo hakikisha unaona uzi wenyewe, juu ya ukanda unaozunguka ukingo wa soli na chini ya soli. Kiatu kilichoshonwa kwenye ukanda huo chaweza kubadilishwa soli zaidi ya mara moja. Kilichogundishwa tu si lazima kiwe kibaya, ila kinunue kwa bei ya kitu chenye mwisho.

Kwa mitumba ya Ulaya soma lebo kama haijafutika: umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi, uru wa karata ni vitu vingine, ngozi yenye uru mdogo ndani imepakwa plastiki nene. Michoro ni mitatu, kwa uso, bitana na soli, isome yote.

Bei piga kwa mwezi. Cha shilingi 30,000 kinachokufa kwa miezi sita kinakula 5,000 kila mwezi. Cha 90,000 kinachodumu miaka mitatu kinakula 2,500. Ukitaka kipya cha hapa nyumbani, kiwanda cha Karanga pale Moshi kinatengeneza viatu na buti za ngozi. Vikague kwa vigezo hivi hivi. Soli ya tairi ni nzito ila kwa shamba na barabara ya vumbi inafaa sana. Kwa mlima usiitumie. Ukitengeneza mwenyewe, gundi ya matone hukauka ngumu na kupasuka kiatu kikikunjwa: tumia gundi ya viatu, paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, kisha gandamiza. Kilicholoa kijaze magazeti, kianike kivulini; karibu na jiko ngozi iliyoloa hujikunja na haitanuki tena. Na ncha ikianza kufunguka, kilete siku hiyo hiyo, mchanga ukishaingia itabidi nibandue soli nzima.