Kutoka Likasi hadi Changuu: saa moja kwa miguu kwenye kisiwa kidogo

Sisi wakaaji wa Likasi tunaijua bahari kupitia malori. Shaba inatoka Kasumbalesa, inakata Zambia, inaingia Tunduma na kufika bandari ya Dar es Salaam. Nguo, vyombo na magari vinarudi kwa njia hiyohiyo. Safari hii niliifuata barabara hiyo hadi mwisho, kisha nikapanda boti ya Unguja kwenda kujaribu kuzamia kwenye matumbawe.

Aliyejifunza kuogelea ziwani Tshangalele, upande wa Kapolowe, anashangaa kwanza kuona miguu yake mwenyewe ndani ya maji. Samaki ni wengi, wa kila rangi. Lakini habari niliyorudi nayo niliipata nchi kavu.

Kati ya mbizi mbili mtu harudi majini haraka. Hewa anayopumua kutoka mtungini akiwa chini inaingiza naitrojeni nyingi damuni, na mwili unahitaji muda wa kuitoa. Kwa hiyo nahodha akatushusha Changuu, akatupa saa moja. Inatosha. Kisiwa kina urefu wa mita 800 hivi, na pale kilipo kipana zaidi ni kama mita 230. Kutoka Mji Mkongwe hazifiki kilomita sita.

Wageni wengi wanaenda moja kwa moja kwa kobe. Ni wakubwa kama meza, umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, na wanakula mboga mkononi mwa mtu bila haraka yoyote. Wazee wao walitoka Shelisheli mwaka 1919, wanne tu, zawadi ya gavana wa huko. Walizaana hadi kufika 200 hivi mwaka 1955. Kisha wezi wakaanza kuwabeba kwenda kuwauza, na mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Leo wamejengewa uzio.

Mimi nilifuata njia ya mawe makali hadi kwenye jengo ambalo watu wanaliita gereza. Lilijengwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Zanzibar, lakini halikupata mfungwa hata mmoja. Likageuzwa kuwa karantini. Wasafiri wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano au magonjwa mengine ya kuambukiza walishushwa hapa wakangoja. Nilicheka peke yangu, maana mfukoni nilikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ileile ambayo kila Mkongomani anaulizwa mpakani. Kwetu tunaiona kama usumbufu wa leo tu.

Kicheko kiliisha niliposikia habari za kabla ya gereza. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid aliwapa Waarabu wawili kisiwa hiki, nao wakawa wanafungia hapa watumwa wakaidi, hadi wauzwe sokoni Unguja au wapelekwe ng'ambo. Hapo ndipo Bunkeya ilinijia akilini. Msiri alikuwa mtoto wa Unyamwezi, akaja Katanga kwa biashara, akawa mfalme. Kutoka kwake shaba, pembe za ndovu na watu vilienda magharibi hadi Benguela, na mashariki kuelekea pwani hii. Shuleni tulisimuliwa zaidi habari za shaba na pembe.

Na hata msafara uliommaliza ulianzia huku. Kapteni Stairs aliajiri wapagazi wake Zanzibar mwaka 1891, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri akapigwa risasi Bunkeya. Katanga ikaingia mikononi mwa Léopold, mfalme wa Ubelgiji. Miaka miwili baadaye, huku kisiwani, mafundi walikuwa wanapandisha kuta za gereza.

Nahodha alikuja kunitafuta. Aliposikia nimetoka Likasi, akauliza ni wapi hapo.

— Ni Katanga, mzee. Kule shaba inakotoka.

— Aa, kijana wangu! Basi wewe si mgeni. Shaba yenu kila siku tunaiona Dar.

Nikataka kumwambia kwamba si shaba peke yake iliyopita njia hii. Lakini wenzangu walikuwa tayari botini wanafunga mitungi, maji yalikuwa yameanza kupwa, na yeye alikuwa ameshatangulia ufukweni.