Hadubini Iliyomponza Heisenberg
(Sehemu ya tatu)

Julai 1923, mjini Munich, kijana wa miaka 21, Werner Heisenberg, aliketi mbele ya watahini wake wa shahada ya udaktari. Profesa Wilhelm Wien akamuuliza jambo la maabara: hadubini hutenganishaje vitu viwili vilivyokaribiana? Akababaika. Alifaulu, ila kwa alama za kutia aibu.

Mwaka 1927, akiwa Copenhagen, hadubini ikamuumbua tena. Alikuwa akieleza kwa nini mahali na kasi ya elektroni havipatikani pamoja kwa usahihi kamili. Ukitaka kuiona, alisema, imulike kwa mionzi ya gama; mionzi itaipiga kikumbo, na kasi itavurugika. Mwanafizikia mwenzake Niels Bohr, aliporejea kutoka Norway alikokwenda kuteleza kwenye theluji, akaligundua kosa. Kikumbo chenyewe kingeweza kupigiwa hesabu. Tatizo ni kwamba lenzi hupokea mwanga kutoka pembe nyingi, hivyo hujui umeingilia pembe ipi. Walibishana mpaka Heisenberg, kwa masimulizi yake mwenyewe, akatokwa machozi. Mwishoni mwa makala yake akaongeza maneno ya kukiri.

Mfano huo ungali vitabuni, na kwa maoni yangu umepotosha wengi. Unatufanya tudhani elektroni ina mahali pake na kasi yake, ila sisi ndio tunaoikoroga. Hiyo ni sarafu iliyofunikwa kiganjani: imeshalala upande mmoja, hujui tu ni upi. Lakini sikiliza zumari. Mpigaji akiivuta sauti, utaitaja noti yake. Sasa piga kofi moja, uulize ni noti gani. Sikio halina kosa. Kofi ndilo lisilo na noti moja. Elektroni nayo ina tabia ya wimbi: ikibanwa mahali padogo, haibaki na kasi moja ya kutajwa.



Einstein aliamini hadi kufa kwake kwamba sarafu ipo chini ya kiganja. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell, mzaliwa wa Belfast, akabuni njia ya kulipima hilo, na majaribio ya Alain Aspect huko Ufaransa, 1982, yakaenda kinyume na matumaini ya Einstein. Hata hivyo, mwanafizikia David Bohm alikwishaonyesha mwaka 1952 kwamba sarafu yaweza kubaki, mradi ukubali chembe ya hapa iiathiri ya mbali papo hapo. Bei hiyo, na hesabu ya Bell, tutaiangalia wiki ijayo.