Mtenda Asiyetajwa: Majina ya Kutisha ya Mahali katika Fasihi ya Kiswahili

Jina la mahali humfikia msomaji kabla yeye hajafika mahali penyewe. Kabla Shaaban Robert hajamwonyesha msomaji mfalme, waziri wala baraza la nchi yake iliyo angani, neno Kusadikika limekwisha kusomwa kwenye jalada. Kadhalika mtazamaji wa tamthilia ya Kigogo hulisikia jina la Sagamoyo kabla hajajua ni nani anayeumia huko. Hapo ndipo jina la mahali linapotofautiana na jina la mhusika. Mhusika aweza kugeuka na kulisuta jina lake. Mahali hapana hiari hiyo. Jina lake hukaa mlangoni, likimngoja kila aingiaye.

Katika ufundishaji wa fasihi nchini Kenya, majina ya namna hii huwekwa katika fungu la majazi. Mwanafunzi hulikata jina vipande, hueleza maana ya kila kipande, kisha huonyesha jinsi maana hiyo inavyolingana na hali ya mahali. Baada ya hapo kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala hii inadai kuwa hapo ndipo kazi inapoanza. Jina lililofasiriwa namna hiyo huwa mithili ya kitendawili kilichokwisha kuteguliwa: maana imebaki, hofu imeondoka. Na kama mtunzi alikusudia kutisha, basi ufafanuzi unaoondoa hofu bila kuieleza umeacha nusu ya sanaa yake nje.

Hoja itakayofuatwa ni kuwa hofu iliyomo katika majina haya haitoki katika maana peke yake. Aghalabu hutoka katika kile ambacho umbo la jina limekinyamazia, nacho ni mtenda. Jina husema kuwa jambo hutendeka; halisemi nani hulitenda.

Jina lisilokatika

Mfano wa kwanza ni Giningi. Katika masimulizi ya Unguja na Pemba, Giningi ni makao ya wachawi, mahali pasipoonekana kwa macho ya kila mtu. Msemaji wa kawaida wa Kiswahili hawezi kulikata neno hili akapata kitenzi au nomino aijuayo. Halina mzizi unaomwongoza wala kiambishi kinachompa fununu. Kwa hiyo jina haliwezi kuulizwa kitu likajibu. Wanaokaa humo wanajulikana kwa kazi yao tu, na uso wa kila mmoja umefichwa.

Jina hili limetumiwa na watunzi wawili wa Zanzibar kwa namna mbili zinazopingana. Muhammed Said Abdulla alilitia katika anwani ya riwaya yake ya upelelezi, Kisima cha Giningi, iliyotoka mwaka 1968. Anwani hiyo huamsha hofu ya kale, lakini mhusika mkuu ni Bwana Msa, mtu wa kiko na hoja, asiyekubali kuwa jambo limetendwa na wasioonekana mpaka awe amewahoji wanaoonekana. Mwendo huo ulikuwa umekwisha kuonekana katika riwaya yake iliyotangulia, Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Katika anwani hiyo mahali pana wenyewe, maana kihusishi kinawataja: ni watu wa kale. Lakini wenyewe hao ni wafu. Hawawezi kuitwa shahidi, wala hawawezi kushtakiwa. Mtu aliye hai akifanya uovu mahali kama hapo, jina lenyewe litamficha, kwa kuwa limekwisha kuwatwika mzigo wale wasioweza kujitetea. Kazi ya Bwana Msa, basi, ni kumtafuta mtenda ambaye jina la mahali limemsitiri. Akipatikana, mahali hupungua kutisha, ingawa jina ni lile lile.

Said Ahmed Mohamed, katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, alilichukua jina hilo hilo na kulirudishia hofu yake, lakini akaihamisha. Giningi yake ni dola, nayo inatawaliwa na Bi Kirembwe. Vifaa vya uchawi vinavyojulikana katika masimulizi, kama unga wa ndere, vimekuwa vyombo vya kuwatawala raia na kuwazuia wasipambanue mambo. Abdulla alionyesha kuwa nyuma ya uchawi yupo mtu. Mohamed alikwenda hatua moja zaidi: alionyesha kuwa mtu huyo aweza kuufanya uchawi kuwa serikali. Watunzi wote wawili wanaliendea jina kwa swali moja: nani yumo humo ndani?

Kauli ya kutendeka

Majina ya Shaaban Robert yana sura nyingine kabisa. Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, na Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967, ni majina yaliyo wazi kwa kila ajuaye Kiswahili. Yote mawili ni vitenzi-jina katika kauli ya kutendeka. Kwa mtazamo wa kwanza hayana la kutisha. Ni majina ya upole, yanayokaribia kuwa ya mzaha. Ndiyo maana wahakiki wengi wameyaeleza kama alama za nchi za njozi na kuishia hapo.

Kauli yenyewe, hata hivyo, yafaa kutazamwa kwa makini. Katika sarufi ya Kiswahili, kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutajwa: kikombe kimevunjwa na mtoto. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Husemwa kikombe kimevunjika, na sentensi ikafungwa. Anayetaka kujua aliyekivunja hana budi kuuliza upya. Kila mzazi anaijua kauli hii, maana mtoto aliyeponyokwa na kikombe huikimbilia upesi kuliko nyingine zote. Pamoja na hayo, kauli hii huonyesha uwezekano: chakula hiki chalika, njia hii yapitika.

Kusadikika, basi, ni mahali panapoweza kusadikiwa, ila mwenye kusadiki hatajwi. Katika nchi hiyo Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi na kulipwa adhabu. Jambo la kutisha katika masimulizi hayo ni wepesi wa adhabu zenyewe. Zinatolewa kana kwamba zimejitokea, jinsi mvua inyeshavyo. Dhuluma imekuwa jambo linalosadikika. Utetezi wa Karama ni kuigeuza kauli hiyo: siku baada ya siku anaeleza nani alitumwa, nani aliadhibiwa, na ni baraza gani lililohukumu. Anamrudisha mtenda katika sentensi.

Kufikirika nako kuna kafara inayotakiwa, ya mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Ukatili ambao hapo awali usingefikirika umepata nchi ambamo wafikirika, na jina la nchi ndilo lililoufungulia mlango. Upole wa jina ni sehemu ya hofu yake. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kuwa Kufikirika maana yake ni nchi ya mawazo tu amemweleza nusu ya neno.

Kitenzi na yambwa

Namna ya tatu ni nomino ambatano inayoundwa na kitenzi pamoja na yambwa. Mfano wake bora ni Sagamoyo, jimbo la tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Hakuna mwanafunzi asiyeweza kulikata jina hili: saga, moyo. Lakini likishakatwa, maswali huwa mengi kuliko majibu. Kitenzi hakina kiambishi cha nafsi. Je, ni amri, au ni maelezo ya kazi ya mahali? Yambwa nayo haina kimilikishi. Ni moyo wa nani? Jina limetaja tendo na kinachotendwa, likamwacha mtenda na mwenye moyo.

Jina hili halikuzuka pasipo mfano. Sikio la msomaji wa Afrika Mashariki husikia ndani yake Bagamoyo, mji wa pwani ya Tanzania uliokuwa kituo kikubwa cha misafara katika karne ya 19. Maelezo yanayosimuliwa zaidi hulitoa jina hilo katika bwaga moyo, na wasimulizi wamegawanyika mara mbili. Wengine husema ni faraja ya mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo. Wengine husema ni kukata tamaa kwa mateka aliyeiona bahari akajua kuwa harudi tena kwao. Umbo la jina haliwezi kuamua kati yao, kwa sababu halimtaji aliyebwaga. Faraja na msiba vimekaa katika silabi zile zile. Sagamoyo imelifunga lango la faraja kwa kukibadili kitenzi: moyo uliobwagwa waweza kuokotwa, uliosagwa hauokotwi.

Yaweza kupingwa kuwa kila ambatano ya namna hii humwacha mtenda, hata zile zisizotisha. Pingamizi hiyo ni ya haki, na jibu lake limo katika tamthilia hiyo hiyo. Soko la Sagamoyo huitwa Chapakazi, jina la bidii na uchangamfu. Majoka, mtawala wa jimbo, analifunga. Tangu hapo jina ni lile lile, na umbo ni lile lile, lakini limekuwa amri isiyo na mahali pa kutiiwa. Hivyo yaonekana kuwa umbo peke yake halizai hofu. Umbo huacha pengo, na tukio la hadithi huamua nani atalijaza. Katika Sagamoyo, Majoka amelijaza pengo la mtenda, na watu wa kawaida wamelijaza pengo la wenye moyo. Mapambano ya Tunu na Sudi ni mapambano ya kulisema hilo hadharani.

Jina lenye nafsi

Ithibati ya hoja hii yaweza kupatikana upande wa pili, katika jina linaloogofya kwa mbali na kufariji kwa karibu. Katama Mkangi, katika riwaya ya Walenisi ya mwaka 1995, anampeleka Dzombo katika sayari ambayo jina lake lina sauti ya ugeni. Msomaji hulitamka mara kadhaa kama angetamka Giningi, pasipo kupata mshiko. Kisha neno hufunguka: wale ni sisi. Hofu huondoka, na sababu yake ya kisarufi yaonekana wazi. Hili ni jina la mahali lililojaa nafsi. Lina wale, lina sisi, na katikati yao lina kitenzi kishirikishi kinachowaunganisha. Mahali panapowataja watu wake hapahitaji kuogopwa.

Kwa hiyo swali la darasani lapasa kugeuzwa. Badala ya kuuliza jina lina maana gani, yafaa kuuliza jina limemwacha nani. Swali la kwanza hujibiwa kwa kamusi. La pili halijibiki bila kuisoma kazi nzima, kwa kuwa jibu lake ndilo mgogoro wenyewe. Mfasiri naye ana sababu ya kulijali swali hilo. Akiyahamishia majina haya katika lugha nyingine kwa kutafsiri maana tu, aweza kujikuta amemtaja mtenda ambaye Kiswahili kilimsitiri, na hapo atakuwa amelituliza jina kabla hadithi haijalifikia.

Wenyeji wa Sagamoyo hulitamka jina la jimbo lao wakienda sokoni na wakirudi, bila kusikia kinachosagwa. Mazoea hayo ndiyo kilele cha hofu ambayo watunzi hawa wanaionyesha. Fasihi hulirudisha jina masikioni mwa waliolizoea, nao wakilisikia upya huanza kuuliza ni nani anayesaga.