Dirisha la siri la intaneti halifichi kila kitu

WATUMIAJI wengi wa intaneti huamini kuwa wakifungua dirisha la hali fiche, hakuna awezaye kujua kurasa walizosoma. Imani hiyo ina ukweli nusu tu, na anayeitegemea akiwa ofisini anaweza kujikuta matatani.

Hali fiche, ambayo kampuni ya Apple iliiweka katika kivinjari cha Safari mwaka 2005 na Google ikaiweka katika Chrome mwaka 2008, ina kazi moja kubwa. Mtumiaji anapofunga madirisha yote ya aina hiyo, kivinjari hufuta orodha ya kurasa alizofungua pamoja na vidakuzi vilivyowekwa wakati huo. Hivyo, atakayeketi baada yake mbele ya kompyuta hiyo hataona kilichosomwa. Hata hivyo, mafaili yaliyopakuliwa hubaki.

Siri hiyo huishia kwenye kompyuta yenyewe. Kampuni inayotoa huduma ya intaneti na wasimamizi wa mtandao wa ofisi bado wanaweza kutambua tovuti zinazofunguliwa. Tovuti nayo huona anwani ya IP ya mgeni wake, na mgeni huyo akiingia katika akaunti yake huwa amejitambulisha mwenyewe.

Suala hilo lilifikishwa mahakamani nchini Marekani mwaka 2020, pale watumiaji wa Chrome walipodai kuwa Google iliendelea kukusanya taarifa zao hata walipokuwa katika hali fiche. Google ilikanusha madai hayo, lakini katika makubaliano yaliyowekwa hadharani Aprili 2024 ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu.

Anayetaka kupunguza kufuatiliwa hana budi kuanzia kwenye vidakuzi. Hizi ni kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha katika kompyuta ya msomaji. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alizibuni mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mteja wake. Tatizo huletwa na vidakuzi vya kampuni za matangazo. Kampuni moja yenye matangazo katika tovuti nyingi huweza kumtambua msomaji yuleyule kila aendako, na hatimaye kujua anachonunua, anakotaka kusafiri na ugonjwa unaomsumbua.

Safari ilianza kuvizuia vidakuzi hivyo vyote mwaka 2020, na Firefox ikaanza kuvitenganisha kwa kila tovuti mwaka 2022. Kwa upande wa Chrome, Google ilitangaza Aprili 2025 kuwa uamuzi utabaki kwa mtumiaji. Kwa hiyo, anayetaka kuvizuia katika dirisha la kawaida lazima aingie mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama.

Hatua hiyo nayo ina mipaka, kwani baadhi ya tovuti hutambua kifaa kwa ukubwa wa skrini yake, aina za herufi zilizomo na lugha iliyochaguliwa.

Kwa ufupi, katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, tumia hali fiche na ufunge madirisha yote unapomaliza. Katika simu yako, zuia vidakuzi vya matangazo. Na jambo ambalo hutaki mwajiri wako alijue, usilitafute kupitia mtandao wa ofisi.