Mahojiano ya Wanaotaka Kusomea Udaktari Uingereza

Kijana aliyefaulu vizuri katika kemia na baiolojia huenda akadhani kwamba mlango wa chuo cha udaktari umekwisha kufunguka mbele yake. Katika Kenya jambo hilo lina ukweli mwingi, kwa kuwa wanafunzi wanaopelekwa vyuoni na KUCCPS huchaguliwa kwa alama zao za KCSE, wala hawaitwi kuhojiwa. Katika Uingereza sivyo. Huko alama nzuri humfikisha kijana mlangoni tu. Kuingia ndani hutegemea mahojiano. Wako vijana wa Kenya wanaoomba nafasi huko, na gharama ya masomo hayo ni mzigo mkubwa kwa jamaa zao. Yafaa basi wazazi na watoto wao wajue mapema yanayofanyika katika mahojiano hayo.

MAOMBI HUPELEKWA MAPEMA

Mwenye kutaka kuanza masomo mwezi wa Septemba hana budi kupeleka maombi yake kwa UCAS, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vikuu vya Uingereza, katikati ya mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia. Anaruhusiwa kutaja vyuo vya udaktari visivyozidi vinne. Vyuo vingi humtaka pia afanye mtihani wa UCAT, ambao hufanywa kwa kompyuta. Mtihani mwingine uliojulikana sana, BMAT, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Anayeshauriwa kujiandaa kwa huo amepewa habari zilizopitwa na wakati. Vyuo vikisha kupima karatasi hizo, huwaita baadhi ya waombaji kwa mahojiano, ambayo aghalabu huwa katika miezi ya Desemba mpaka Machi.

BARAZA NA VITUO

Kuna namna mbili za mahojiano. Ya kwanza ni ya zamani: mwombaji huketi mbele ya watahini wawili au watatu, wakazungumza naye. Oxford na Cambridge hufuata njia hiyo bado, na huko maswali mengi ni ya sayansi. Mtahini aweza kumpa mwombaji mchoro asiopata kuuona, akamwuliza unaonyesha nini. Hatazamii jibu kamili. Ataka kuona jinsi mawazo yake yanavyokwenda hatua kwa hatua.

Ya pili ni mahojiano ya vituo vingi, yaliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Waalimu wa huko waliona kwamba baraza moja laweza kudanganyika: mtu akipendeza katika dakika ya kwanza, huonekana mwema hata mwisho, na akijikwaa mwanzoni hana njia ya kujikomboa. Wakafanya vituo kumi, kila kimoja na mtahini wake, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo. Mwombaji husimama mbele ya mlango akasoma karatasi kwa dakika mbili. Kengele hulia, naye huingia na kuzungumza kwa dakika nane. Ikilia tena huondoka, hata kama hajamaliza. Vyuo vingi vya Uingereza vimeifuata njia hiyo, ingawa idadi ya vituo na dakika zake hutofautiana.

Faida ya vituo ni kwamba mtahini wa chumba cha nne hajui lililotokea katika cha tatu. Kwa hiyo aliyekosea asiuchukue msiba wake kutoka chumba kimoja mpaka kingine.

MASWALI YENYEWE

Swali lisilokosa kujitokeza ni hili: kwa nini udaktari? Kujibu kwamba mtu anataka kusaidia watu hakutoshi, maana mwuguzi na mwalimu nao husaidia watu. Mwombaji aeleze kazi ya daktari kama alivyoiona, pamoja na taabu zake. Aliyejitolea katika zahanati, au aliyemtunza bibi yake mgonjwa, haulizwi sana ilikuwa siku ngapi, bali alijifunza nini. Aliyemwona mwuguzi akimtuliza mtoto kabla ya sindano, akatafakari jambo hilo, ana la kusema kuliko aliyekaa mwezi mzima hospitalini asitambue kitu.

Yako pia maswali ya haki na wajibu. Mathalani: iko figo moja na wagonjwa wawili, apewe nani? Au: msichana wa miaka 15 amemwambia daktari siri yake, naye hataki mama yake ajue. Watahini wataka mwombaji atazame kila upande: mgonjwa mwenyewe anataka nini, lipi litamfaa, lipi litamdhuru, na lipi ni haki kwa watu wengine. Mambo hayo manne yalielezwa na Wamarekani wawili, Beauchamp na Childress, katika kitabu kilichotoka mwaka 1979. Akisha kuyapima yote, mwombaji aseme aonavyo yeye na sababu zake.

Kadhalika kuna maigizo. Chumbani yumo mtu aliyefundishwa kujifanya jirani ambaye gari lake limegongwa na mwombaji, naye hana habari. Yampasa mwombaji amwambie. Anayezungukazunguka hupoteza alama, na anayetupa habari kama jiwe vilevile. Aseme kweli kwa maneno machache, kisha anyamaze, amwache mwenziwe atoe hasira yake, ndipo aombe radhi na kuuliza la kufanya. Huu si mchezo wa bure. Siku moja atapaswa kuwaambia jamaa kwamba mgonjwa wao hatapona.

Mwisho, huulizwa juu ya NHS, huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa tarehe 5 Julai 1948 na kugharimiwa zaidi kwa kodi, na juu ya mwongozo wa mwenendo wa madaktari utolewao na GMC, baraza linaloandikisha madaktari. Mwongozo uliosahihishwa ulianza kutumika Januari 2024.

ADABU YA NYUMBANI NA YA HUKO

Watoto wengi hufundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa na kutojisifu. Adabu hiyo ni njema nyumbani, lakini mtahini Mwingereza aweza kudhani kwamba kijana ana hofu au anaficha jambo. Si lazima aache heshima. Amtazame usoni na kusema kwa sauti ya kusikika. Tena, akiulizwa kazi aliyofanya na wenzake, asiseme “tulifanya” tangu mwanzo hata mwisho. Aitaje sehemu yake mwenyewe. Hayo si majivuno.

MATAYARISHO

Kukariri majibu ni hatari, kwa maana mtahini aliyesikia watu wengi huyatambua mara moja, na swali likigeuzwa kidogo mwenye kukariri hupotea. Heri kijana amwombe mwenzake au mwalimu akae na saa mkononi, amwulize maswali, kisha amwambie makosa yake bila kumwonea haya. Asilolijua aseme halijui, halafu ajaribu kufikiri kwa sauti. Daktari anayejifanya kujua huwadhuru wagonjwa, na watahini wanalikumbuka hilo.

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea, vyuo vingi vimehoji watu kwa njia ya intaneti. Mwombaji wa namna hiyo atafute mahali pasipo kelele na penye umeme wa kutegemewa. Aangalie saa pia: katika miezi hiyo Kenya imetangulia Uingereza kwa saa tatu. Akiitwa saa nne asubuhi kwa saa za London, hapa ni saa saba mchana.

Nafasi za wanafunzi wa nchi za nje ni chache, na wengi wanaohojiwa hawapati. Kukosa si hukumu ya maisha, kwani wako walioomba tena mwaka uliofuata wakakubaliwa. Mzazi asimkaripie mtoto aliyekosa, bali waketi pamoja na kuangalia ni kituo gani kilichomshinda.