Je, Wajua? Nauli Isiyolipwa kwa Sarafu

Je, wajua kwamba mgeni aliyekwenda London kutafuta riziki, akipanda basi alfajiri na sarafu mkononi, hatapokelewa nauli yake, kwa kuwa tangu tarehe 6 Julai 2014 mabasi ya mji ule hayapokei fedha taslimu? Utingo hamna, abiria huigusisha kadi yake, mathalani ile iitwayo Oyster iliyoanza mwaka 2003, juu ya duara la manjano karibu na dereva. Katika basi hugusisha apandapo tu. Ama katika treni za chini ya ardhi, sharti agusishe aingiapo na atokapo, na akighafilika hutozwa nauli ya juu kabisa. Heri wenyeji wamtanabahishe mapema, asije akapoteza ujira wake bure.